MUNGU HADAIWI BAO: NENO KUHUSU LIGI YA FANTASI YA VIJANA

  Somo la leo ni refu. Ukikasirika katikati usiondoke. Malizia kwanza, halafu ukasirike vizuri.

Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni 2026 kule Mexico, Marekani na Kanada. Timu ni 48, mechi ni 104, na fainali ni Jumapili tarehe 19 Julai. Kwa wiki mbili sasa kikundi cha vijana kinauliza swali moja tu: Pasta, ligi yetu ya fantasi inarudi? Na kwenye simu hiyo hiyo nina ujumbe wa wazee watatu wa kanisa wanaotaka niipige marufuku madhabahuni, mchana kweupe, mbele ya watu wote.

Nimeomba, nimefikiri, na leo najibu pande zote mbili. Najua sitamfurahisha mtu.

KWANZA, WAZEE WANGU

Nawaheshimu. Mlilishika kanisa hili wakati lilikuwa mabati manne na viti vya kuazima. Lakini mmeniletea neno "dhambi" bila kuniletea andiko. Mnasema mchezo huu unafundisha vijana kutegemea akili zao badala ya Roho. Mnasema Mkristo hapangi, Mkristo anaongozwa. Na mmoja wenu amenitumia Yakobo 4:13 hadi 15, pale mtume anapowakemea wanaosema kesho tutakwenda mji fulani tufanye biashara tupate faida.

Mzee wangu, endelea mstari mmoja mbele. Mstari wa 16 unataja kosa lao kwa jina: majivuno. Yakobo hakuwakemea kwa kuwa na mpango. Aliwakemea kwa kuongea kama watu wanaomiliki kesho. Mtu anayesema "Bwana akipenda, tutafanya hili na lile" bado ana hili na lile. Bado amepanga!

Yusufu alipotafsiri ndoto ya Farao katika Mwanzo 41, hakumwambia mfalme akeshe akiombea mvua. Alimpa bajeti. Tenga sehemu moja ya tano kwa miaka saba ya shibe, weka maghalani, weka wasimamizi. Na Farao mwenyewe, ambaye hakuwa ameokoka, alisema huyu ana Roho wa Mungu ndani yake. Roho alionekana kwenye mpango! Naye Bwana wetu, katika Luka 14:28, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara na kuuliza kama hataketi kwanza apige hesabu. Hakumwita mtu huyo mwenye imani haba. Aliyechekwa ni yule aliyeanza bila hesabu akashindwa kumaliza.

Kwa hiyo sitasimama madhabahuni kuita mpango dhambi. Na nitawaonyesha kwa nini mchezo wenyewe, ukiutazama, ni shule nzuri ya hesabu kuliko semina nyingi tulizolipia.

KWA WASIOUJUA MCHEZO

Mama zangu, nieleze kidogo ili tusiongee kilugha. Nachukua ligi tuliyocheza hapa kanisani mwaka 2024, wakati wa Kombe la Ulaya kule Ujerumani, tarehe 14 Juni hadi 14 Julai.

Unapewa pesa za kuigiza, milioni 100. Hazitoki mfukoni mwako. Kwa pesa hizo unanunua wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu. Wa bei kali ni ghali, kwa hiyo ukijaza majina makubwa mbele utabaki na sarafu za kununulia nyuma. Katika hatua ya makundi huruhusiwi zaidi ya watatu kutoka nchi moja. Kila raundi wanaanza 11 na wanne wanakaa benchi. Mchezaji wako akifunga uwanjani kwa kweli, unapata pointi. Beki wako akimaliza mechi bila timu yake kufungwa, unapata pointi. Mmoja unamfanya kapteni, na pointi zake zinahesabiwa mara mbili.

Kati ya raundi za makundi ulikuwa na nafasi mbili tu za bure za kubadilisha wachezaji. Ukizidisha, kila mchezaji wa ziada anakukata pointi 4.

Sasa sikieni lililo muhimu. Ligi ya Uingereza ina raundi 38. Ukikosea mwezi wa nane, una mpaka mwezi wa tano kurekebisha. Kombe la Ulaya lilikuwa na raundi saba. Saba! Timu nane kati ya 24 zilifunga virago baada ya mechi tatu tu. Katika msimu mfupi kosa la kwanza bado linakufuata raundi ya tatu, na hasira ya siku moja inakula wiki mbili. Musa katika Zaburi 90:12 aliomba afundishwe kuzihesabu siku. Hakuomba aongezewe. Kijana, wewe unadhani uko kwenye ligi ya raundi 38. Wengine wetu tumezika watu wa miaka 24. Hesabu siku zako.

KOSA LANGU MIMI PASTA

Sitawaficha. Mwaka 2024 nilicheza. Tulikuwa 22 kwenye ligi na nilimaliza wa 19.

Nilinunua kwa majina. Mbele niliwaweka Mbappé, Kane na Ronaldo, kwa sababu ndio niliowajua. Pesa zikaisha. Nyuma nikajaza watu wa bei ya chini bila hata kuuliza kama wanacheza, na wengine hawakugusa nyasi. Kapteni nikamfanya Mbappé. Tarehe 17 Juni, mechi ya kwanza ya Ufaransa dhidi ya Austria, mpira uliisha 1-0, bao likawa la Austria kujifunga, na kapteni wangu akatoka uwanjani pua imevunjika.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kusoma Neno, nilikuwa nabadilisha timu. Wachezaji wanne kwa mpigo. Wawili bure, wawili wa kukatwa. Pointi 8 zimeenda kabla mpira haujaanza.

Kumtoa Mbappé kulikuwa na akili, maana alikosa mechi ya pili. Dhambi yangu ilikuwa sababu ya niliyemwingiza. Nilimchukua Romelu Lukaku wa Ubelgiji. Kwa nini? Kwa sababu katika mechi ya kwanza dhidi ya Slovakia alifunga mara mbili na mabao yote mawili yakakataliwa na waamuzi wa video. Nikaandika kwenye kikundi cha vijana, na wengine mnakumbuka maneno haya: "Amenyimwa mawili, Mungu si mwanadamu, la tatu lazima alipwe." Mkacheka, mkaweka amina nyingi. Vijana wanne wakanifuata wakamnunua.

Mechi ya pili, dhidi ya Romania, Lukaku akafunga. Nikaruka kitini. Likakataliwa la tatu. Aliondoka Ujerumani bila bao hata moja.

Tulicheka wiki nzima. Leo sicheki. Yale maneno yangu hayakuwa mpango wala hayakuwa imani. Nilikuwa nafikiri kama mcheza kamari, nikiwa nimevaa kola ya mchungaji. Mcheza kamari ndiye anayeamini kwamba akipoteza mara tatu, ya nne anadaiwa. Bahati haina daftari la madeni. Na Mungu hadaiwi. Paulo anauliza katika Warumi 11:35 ni mtu gani aliwahi kumtangulia Mungu kwa kutoa, hata sasa awe anasubiri malipo. Jibu ni hakuna.

DADA ALIYETUSHINDA WOTE

Ligi ile ilishindwa na dada mmoja wa kwaya. Wanaume mlinung'unika mkasema ni bahati. Mimi nilimuuliza, akanionyesha daftari.

Hakuanza na majina. Alianza na kalenda. Aliandika kila nchi inacheza siku gani, kisha akasambaza wachezaji wake ili kila siku awe na mtu uwanjani. Mchezo ule uliruhusu, katikati ya raundi, kumvua kapteni ukapeana kitambaa kwa mtu ambaye bado hajacheza. Lakini ukishamvua, zile pointi zake za kuzidisha zimeenda, hazirudi. Yeye aliandika kabla ya raundi kuanza: kapteni akinipatia kiasi hiki, namwacha. Akipungukiwa, nabadilisha. Aliamua akiwa ametulia, kabla ya tamaa kuja. Wangapi kati yetu tulimvua mtu mwenye pointi nzuri tukitafuta nzuri zaidi, tukaishia na mbili?

Pili, alijiuliza nani atakuwa bado yuko baada ya makundi. Aliwekeza nyuma, kwa walinzi wa Ufaransa, tukamcheka kwa sababu walinzi hawana jina. Ufaransa katika mechi zake tano za kwanza ilifungwa bao moja tu, na hilo lilikuwa penalti ya Lewandowski.

Tatu, na hapa ndipo alipotuacha mbali, aliziweka zile nafasi zake mbili akingoja raundi ya tatu. Alijua timu iliyoshafuzu itapumzisha watu. Uhispania, iliyokuwa imeshashinda kundi lake, iliingia kucheza na Albania ikiwa imebadilisha wachezaji kumi. Ureno nayo ilikuwa imeshaongoza kundi. Ikapumzisha wengi, ikafungwa 2-0 na Georgia, nchi iliyokuwa inashiriki kwa mara ya kwanza. Sisi tuliokuwa na mabeki wa Ureno tulilia na kusaga meno. Dada alikuwa amewaweka benchi.

Je, hakukosea? Alikosea sana. Mpira ni mpira. Wafungaji bora wa mashindano yale walikuwa sita, kila mmoja na mabao matatu, na mmoja wao alikuwa Mikautadze wa Georgia, ambaye hata yeye hakumfikiria. Mpango haukumpa kujua kesho. Ulimpa kusimama kesho ikija vibaya. Lipo na hili la Dani Olmo. Robo fainali, Uhispania dhidi ya Ujerumani, Olmo alianza benchi. Dakika za mwanzo kabisa Pedri akaumia, Olmo akaingia, akafunga bao moja na kutoa pasi ya lile la ushindi. Hakuna aliyepanga Pedri aumie. Lakini mtu alikuwa amejiandaa akiwa amekaa chini. Mithali 21:5 inasema habari za mwenye bidii anayewaza vizuri, na habari za mwenye pupa. Dada yule alikuwa wa kwanza. Mimi Pasta wenu nilikuwa wa pili.

SASA VIJANA, GEUKENI HUKU

Mmefurahia nilivyowajibu wazee. Sasa ni zamu yenu.

Ligi ile ilikuwa na dau. Kila mtu alitoa shilingi 500, zikawa 11,000, mshindi achukue zote. Nilijua. Niliulizwa nikasema ni pesa kidogo, ni ya kuchangamsha. Mbaya zaidi, siku ya kufungua ligi niliombea.

Jumatatu tarehe 15 Julai 2024, alfajiri, kijana mmoja alibisha kwangu. Amenipa ruhusa kulisema hili bila jina, na ninaomba msimtafute. Alikuwa mmoja wa wale wanne walionifuata kwa Lukaku. Timu yake ilianguka na yangu. Shilingi 500 zikawa zimeenda, na aliona aibu kwamba amepoteza. Akataka kuzirudisha. Akaanza kubeti kwa simu, mia mbili, mia tano, akapata kidogo, akapoteza zaidi. Kufikia siku ya fainali alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki kwenye simu: karo ya chuo, shilingi 18,000, ambayo mama yake aliuza mbuzi kuipata.

Fainali ilikuwa Uhispania na Uingereza, Jumapili saa nne usiku kwa saa zetu. Kijana alifikiri hivi. Uingereza ilitanguliwa na Slovakia ikarudi. Ikatanguliwa na Uswisi ikarudi. Ikatanguliwa na Uholanzi ikarudi. Basi Uhispania ilipotangulia dakika ya 47, akasema moyoni: wamerudi mara tatu, ya nne lazima. Akaweka karo yote. Dakika ya 73 Palmer akasawazisha. Kijana aliniambia alipiga magoti pale kibandani akamshukuru Mungu kwa sauti. Dakika ya 86 Oyarzabal akafunga la pili la Uhispania. Basi.

Alipomaliza kunieleza, nilitafuta neno la kumkemea nikakosa. Maana nililisikia lile neno lake, "ya nne lazima", na nililijua mwenyewe. Ni mimi nililifundisha. Yeye alibadilisha tu idadi.

Hakurudi chuo muhula ule. Alikaa kwenye mjengo miezi mitano akibeba kokoto. Mama yake hakuniuliza kitu. Alinisalimia tu kila Jumapili, na salamu ile ilikuwa nzito kuliko matusi. Namshukuru Bwana, amerudi darasani. Lakini deni la jambo lile liko kwangu, na ndiyo sababu naandika leo.

MNAVYOJITETEA

Nimesikia hoja zenu tatu, nazijibu moja moja.

Ya kwanza: Pasta, mia tano si kamari, hata harambee tunatoa. Ndugu yangu, kwenye harambee unatoa ili mwingine apate. Kwenye dau unatoa ukitumaini wengine 21 wakose. Ukubwa wa noti haubadilishi hilo. Na mia tano haikai mia tano. Nimewaonyesha ilipofika.

Ya pili: mitume walipiga kura katika Matendo 1. Kweli, walipiga kura kujaza nafasi ya Yuda, wakiwa wameomba, na hakuna aliyeenda nyumbani na cha mwenzake. Mkitaka kura iliyompa mmoja mali ya mwingine, ipo pia kwenye Biblia. Ni ile ya askari chini ya msalaba, Yohana 19:24, wakigombea vazi la Bwana huku yeye anakufa juu yao. Chagueni mtafuata kura ipi.

Ya tatu, na hii ni ya wenye akili: fantasi ni ujuzi, si bahati, umesema mwenyewe dada alipanga. Nimesema, na narudia. Basi kama ni ujuzi, utapendeza bila pesa. Mnaosema mchezo hauna ladha bila dau, mmekiri wenyewe kwamba mlichokuwa mnakipenda si mchezo.

NA SISI WATUMISHI

Sitamaliza bila kugusa nyumba yangu. Kijana wetu hakujifunza hesabu ya deni kwenye mpira peke yake. Ameisikia madhabahuni.

Ni mara ngapi mmesikia mtumishi akisema: umetoa mara tatu hujaona, usikate tamaa, toa ya nne, mlango unafunguka wiki hii? Ni mara ngapi mama mwenye kodi ya nyumba mkononi ameambiwa apande mbegu leo kabla ya saa sita usiku, na Mungu atalazimika? Mungu analazimishwa na nani? Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya hekalu akamwambia ajirushe, malaika wamdake. Yesu alikataa kumjaribu Baba yake. Lakini sisi tunawapandisha watu juu ya hekalu kila Ijumaa ya kesha na kuwaambia rukeni.

Mahubiri ya namna hiyo ni mkeka, hata kama yanaimbiwa zaburi. Yule kijana na yule mama wanatumia hesabu moja. Tofauti ni nani anashika pesa. Kama tunataka vijana waache kubeti, tuache kwanza kuwafundisha kanisani kwamba hasara ni risiti ya muujiza. Toeni sadaka kwa moyo wa shukrani, toeni fungu la kumi, mimi nitakuwa wa kwanza kuwabariki. Lakini karo ni karo, kodi ni kodi. Mtu akikuambia uzipande, hata akiwa mimi, mwambie Pasta amesema asikupe hiyo.

Baadhi ya watumishi wenzangu watanipigia simu jioni hii. Karibuni. Mje na Warumi 11:35.

UAMUZI

Ligi inarudi. Wazee wangu, naomba mnivumilie. Vijana, naomba mnisikie. Itarudi hivi:

Moja. Hakuna dau. Si mia tano, si hamsini, si soda. Atakayeanzisha dau pembeni kwa jina la kikundi chetu ameshajitoa.

Mbili. Kila atakayesajili timu ataniletea karatasi moja. Upande wa kwanza ni mpango wa timu: nani anacheza siku gani, nani unamngojea, nafasi zako za kubadilisha unaziweka kwa raundi ipi. Upande wa pili ni mpango wako mwenyewe kuanzia 11 Juni hadi 19 Julai: pesa itakayoingia, itakayotoka, deni utakalolipa, kitabu utakachosoma. Sitaki majivuno, juu kabisa andika "Bwana akipenda". Lakini andika. Haiwezekani ujue ni beki yupi wa Ufaransa atapumzishwa mechi ya tatu, na usijue kodi ya mwezi wa saba inatoka wapi.

Tatu. Hakuna kubadilisha timu ukiwa na hasira. Mechi ikiisha vibaya, lala. Omba asubuhi. Halafu ndio ushike simu. Kanuni hii ni ya mpira, ni ya ndoa, na ni ya kuacha kazi pia.

Nne. Mechi nyingi zitachezwa usiku wa manane kwetu. Usikeshe kwa ajili ya Lukaku halafu usinzie kwa mwajiri wako. Matokeo utayakuta asubuhi, na hayatabadilika kwa sababu uliyatazama.

Tano. Mshindi atakula chakula cha mchana nyumbani kwangu, Mama Pasta amekubali kupika kuku wa kienyeji na chapati. Atakayekuwa wa mwisho ataosha vyombo. Kwa rekodi yangu, huenda mkanikuta kwenye sinki.

Na yule kijana, nimemwomba awe msimamizi wa ligi. Yeye ndiye atakayepokea karatasi zenu. Ukimletea upande wa pili ukiwa mtupu, atakurudishia, na ana haki ya kufanya hivyo kuliko mimi.

TUOMBE

Baba, tunatubu. Mimi mtumishi wako natubu kwanza, kwa neno la mzaha lililokuwa mbegu mbaya kwa mtoto wa mtu. Tufundishe kuzihesabu siku zetu, maana msimu ni mfupi. Tupe akili ya Yusufu wakati wa shibe, na utulivu mambo yanapoharibika. Waondolee vijana wetu ile sauti inayosema "ya nne lazima". Warudishie kina mama walichopoteza. Na utuokoe sisi watumishi tusifungue kamari ndani ya nyumba yako. Katika jina la Yesu.

Kama umebarikiwa, andika AMINA. Kama umekemewa, andika AMINA mara mbili. Na kama una kijana ndani ya nyumba mwenye simu mkononi saa hii, usimnyang'anye. Keti karibu naye umwulize upande wa pili wa karatasi yake unasemaje.

Tuonane Jumapili, ibada ya kwanza saa mbili asubuhi. Mungu awabariki.